Hodi, Jarama

Hapa wanaita *khor*. Kwetu ni hori,
na hori kwetu ni maji, na pia ni chombo cha kupita majini,
kwa hiyo siku ya kwanza mudiri aliponiambia "twende khor"
nilitafuta kasia.

Nikapewa boti ya plastiki, ya manjano,
viti vinane, turubai, mashine ya umeme isiyonguruma:
ndege wa Jarama hawapendi makelele.
Ile yangu ya Mloka ilikohoa toka gatini mpaka ziwani
na tembo hawakujali.

Miaka kumi na mmoja nilipeleka wageni Rufiji.
Niliwaonyesha mamba walioacha vinywa wazi mchangani,
keremkerem ukingoni, kila mmoja na tundu lake,
mivumo iliyokufa imesimama majini haina vichwa.
Na viboko.
Kwa kiboko huingii bila hodi.
Unagonga ubavu wa boti, ngo ngo, ngo ngo,
aliye chini ajue, ainuke, apumue,
umhesabu: masikio mawili, mawili, mawili,
kisha upite mbali.
Unayemwona si tatizo.

Jarama hakuna wa kumhesabu hivyo.
Kuna kaa wanaopunga gando moja kama makarani wenye haraka,
kuna mdiria, kuna heroe wa Desemba,
kuna ngamia wa mtu, ana alama ya moto shavuni,
huingia maji ya magoti akala mikoko
na wageni wakampiga picha.
"Huyu ndiye tembo wetu," nawaambia. Wanacheka.

Lakini kila kona ya mikoko, mkono wangu huniponyoka:
ngo ngo, ngo ngo.
Mudiri ameniuliza mara tatu.
Nikamwambia napima plastiki.

Jumanne ikaja familia kutoka Sinaw,
gari mbili, birika la kahawa, sinia la halua,
na bibi yao, Bi Ghaniya,
wakamtia botini pamoja na kiti chake cha magurudumu.
Miwani imefungwa kwa uzi. Hakusalimu, hakutazama heroe.
Penye kona nikagonga.

"Unambishia nani hodi?"

Kiswahili. Kikavu, cha zamani,
kama nguo iliyokaa sandukuni na karafuu.
Mjukuu wake, Muhannad, akageuka
kama aliyesikia kiti kikizungumza.

"Kiboko, mama."
"Wa wapi?"
"Wa Mloka."
"Mbali. Hakusikii. Gonga sawasawa."

Baba yake alikuwa na duka Utete, akaniambia,
na konde la mpunga bondeni, chini ya duka.
Usiku mmoja mnyama akapanda toka mtoni,
asubuhi konde limelala kama mkeka.
"Gunia sita. Nilikuwa na miaka minane.
Mwaka uliofuata tukaondoka, na hakulipa."

Muhannad akauliza kwa Kiarabu, bibi anasema nini?
Nikamjibu: anadai.

Akavuta buibui, akatoa mkono wenye bangili nzito ya fedha,
akagonga mwenyewe. Si kama mimi.
Aligonga kama mtu anayekuja kudai kodi.
Heroe wakaruka wote, waridi likapasuka juu ya maji,
watoto wakapiga kelele, kahawa ikamwagika,
na pale mbele, karibu kabisa na boti,
kitu kikainuka.

Kasa. Kichwa cha ukubwa wa ngumi,
pumzi moja ndefu ya mtu aliyeamshwa.
Alitutazama. Bi Ghaniya akasogeza miwani,
akamtazama yeye kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Si yeye," akasema.
Akarudisha mkono ndani ya buibui.

Jioni nikiosha boti nimekuta mikwaruzo mitano
kwenye ile rangi ya manjano.
Mudiri ameiona. Ataikata kwenye mshahara wangu, riyali tatu.
Nimemwambia aandike tu,
lakini jina la mdaiwa aache wazi.